Matope ya Datsun

Nililipata gari hili Gikomba, kwenye rundo la vitu vya watoto vinavyokuja ndani ya mitumba. Lilikuwa chini ya mdoli asiye na mkono na kibao cha drafti kilichovunjika katikati. Mwenye rundo alitaka mia mbili. Nikamwonyesha kwamba tairi moja haipo na kioo cha mbele kimepasuka. Akaliangalia, akaniangalia mimi, akasema, "Sasa boss, kwani unataka kwenda nalo Mombasa? Leta mia na hamsini." Nikatoa.

Halikuwa gari la kuchezea la kawaida. Ilikuwa modeli ya plastiki ya kuunga, ile inayouzwa ndani ya boksi ikiwa vipande vilivyoshikana kwenye fremu. Unakata kipande kimoja kimoja, unakipiga msasa, unakiunga kwa gundi na kukipaka rangi mwenyewe. Mtu fulani, mahali fulani, alikuwa ameliunga hili kitambo, na nadhani alikuwa mtoto. Rangi nyekundu ilipakwa kwa brashi hadi ikafunika mistari ya milango. Juu ya boneti kulikuwa na alama ya kidole gumba, imezama kabisa ndani ya plastiki, kwa sababu gundi ya modeli haigandishi tu: inayeyusha plastiki ya pande mbili ili ziwe kitu kimoja. Ukishika bodi na gundi ikiwa kidoleni, kidole chako kinabaki hapo milele. Chini ya chesisi, mahali ambapo kwa kawaida jina la kampuni huandikwa, herufi zote zilikuwa zimeyeyuka.

Lakini gari lenyewe nililijua. Boneti ndefu, mgongo unaoteremka hadi nyuma, taa za mbele zilizoingia ndani kama macho ya mtu aliyekosa usingizi. Datsun 240Z. Nilipofika nyumbani nilipima kwa rula kutoka katikati ya gurudumu la mbele hadi katikati ya la nyuma: milimita 96. Kwenye gari halisi ni milimita 2,305. Gawanya, unapata 24. Kwa hivyo ni kipimo cha moja kwa ishirini na nne.

Nilijua umbo hilo kwa sababu ya guka. Babu yangu, ambaye sisi humwita guka, alianza kazi ya gereji akiwa kijana wa kubeba spana upande wa Molo. Ana hadithi moja ambayo amekuwa akiisimulia kila Pasaka tangu nipate akili: jinsi yeye na vijana wenzake walivyosukuma Datsun ya Safari Rally kutoka kwenye matope, usiku, mvua ikinyesha, na dereva Mzungu akawapungia mkono bila kusimama. Hadithi yenyewe ni hiyo tu. Hakuna picha wala karatasi, na wale vijana wengine wamefariki. Baba yangu huitikia kwa kichwa akiisikia, kama mtu anayesikiliza tangazo la biashara. Wajomba hucheka. Mimi nilipoliona lile gari Gikomba niliwaza jambo moja tu: nitalirejesha lilivyokuwa, nimpelekee, hadithi yake ipate mahali pa kukaa.

Sikujua kwamba neno "lilivyokuwa" lingenisumbua mwaka mzima.

*

Kwanza nieleze vitu hivi vilitoka wapi, kwa sababu huku kwetu wengi hatukukua navyo.

Chanzo chake si watoto. Ni wauza magari. Marekani, baada ya Vita Vikuu vya Pili, kampuni za Detroit zilikuwa zinatoa sura mpya ya gari karibu kila mwaka, na wauzaji walihitaji kitu kidogo cha kumwonyesha mteja, au cha kumpa mtoto wake anyamaze huku baba akijadiliana bei. Mwaka 1948 mwanasheria mmoja wa Michigan, West Gallogly, alianzisha kampuni ya kutengeneza magari hayo madogo ya matangazo. Ya kwanza yalikuwa ya alumini, ndiyo maana kampuni ikaitwa Aluminum Model Toys, yaani AMT. Muda si muda wakahamia plastiki, lakini jina likabaki. Detroit yenyewe kulikuwa na Jo-Han, nayo ikifanya kazi hiyo hiyo. Kipimo kilichozoeleka kwao kikawa moja kwa ishirini na tano, na hadi leo modeli nyingi za Marekani ni za kipimo hicho, ilhali Wajapani na Wazungu wa Ulaya wanapenda ishirini na nne. Ukiziweka pamoja kwenye rafu, jicho lililozoea linaona tofauti.

Plastiki ya mwanzo ilikuwa asetati, na asetati ina tabia mbaya: inajikunja kadiri miaka inavyopita. Magari mengi ya matangazo ya miaka ya 50 leo yana migongo iliyopinda na paa zilizobonyea, na hakuna aliyeyagusa. Baadaye wakahamia polistaireni, plastiki ile ile ya kasha za CD, ambayo haijikunji. Ila polistaireni nayo ina adui wake, na adui huyo amo ndani ya boksi moja nayo. Tairi za modeli nyingi za zamani ni za vinaili laini, na ulaini huo unatokana na kemikali iliyochanganywa ndani yake. Kemikali hiyo haitulii. Inahama polepole, na popote tairi inapogusa polistaireni, inaila. Datsun yangu ilikuwa hivyo. Rimu tatu zilikuwa zimeyeyuka na kushikana na tairi kama ubani kwenye soli ya kiatu. Hakuna mtoto aliyefanya makosa hapo. Gari lilijila lenyewe likiwa limetulia ndani ya kasha gizani.

Mwaka 1958 AMT walitoa kitu kilichobadilisha mchezo mzima: boksi la kuunga mwenyewe, tatu kwa moja. Ndani ya boksi moja kulikuwa na vipande vya kuunga gari jinsi lilivyotoka kiwandani, au lililopambwa na kubadilishwa, au la mashindano. Ulichagua. Vipande vilivyobaki uliviweka kwenye kopo, na kesho ukavitumia kwenye gari lingine. Vijana walivamia maduka. MPC ikaanzishwa mwaka 1963. Kule California, Revell ikamchukua Ed Roth, jamaa aliyekuwa akitengeneza magari ya ajabu ya fiberglasi na kuchora panya mwenye macho yaliyotoka nje, na ikayafanya magari yake kuwa modeli. AMT nao wakafanya kazi na George Barris, fundi wa magari ya kupambwa ambaye baadaye alitengeneza lile gari la Batman la televisheni.

Ukiwa Mkenya unaelewa haraka kwa nini vijana walipenda. Sisi tunachukua chesisi ya lori la Isuzu, tunaivalisha bodi, tunaichora, tunaitia taa na spika, inakuwa matatu, na hakuna abiria anayeuliza gari la asili liko wapi. Gari likishabadilishwa vizuri, hilo ndilo gari.

Kuna jambo moja katika historia hiyo ambalo lilinikaa zaidi. Shirika la General Motors, kupitia kitengo chake cha Fisher Body, liliendesha mashindano ya wavulana kuanzia mwaka 1930 hadi 1968. Mwanzoni walitakiwa watengeneze modeli ya gari la farasi, baadaye modeli ya gari la ndoto yao wenyewe, kwa mbao na kwa mkono, bila boksi la kuunga. Zawadi kubwa zilikuwa ufadhili wa masomo ya chuo kikuu. Charles Jordan alishinda mwaka 1947, na miongo kadhaa baadaye akawa mkuu wa usanifu wa magari wa kampuni hiyo. Nilisoma hayo usiku, nikaweka simu chini, nikakaa kidogo. Mimi niliacha chuo mwaka wa tatu, na sababu haikuwa mitihani. Na katika utoto wetu kila mtaa ulikuwa na mtoto aliyejua kuunda gari la waya: waya wa hanga na wa kufungia mabati, magurudumu ya soli za slipa, usukani mrefu unaokufikia kifuani ili uendeshe ukitembea. Wengine waliweka mpaka springi. Nawakumbuka wawili ambao kwa macho yangu walikuwa mainjinia kamili wakiwa na miaka kumi. Hakuna aliyekuja kutazama magari yao, sembuse kuwalipia karo.

*

Sasa, kwa nini mtu ahangaike na modeli kuukuu iliyoharibika badala ya kununua mpya?

Sababu moja ni kalibu. Modeli ya plastiki hutengenezwa kwa kusukuma plastiki iliyoyeyushwa ndani ya kalibu ya chuma, na kuchonga kalibu ni gharama kubwa. Kampuni za Marekani zilipaswa kutoa modeli mpya kila mwaka kufuatana na magari mapya ya Detroit. Badala ya kuchonga kalibu upya, mara nyingi walichukua ile ya mwaka jana wakaikwangua na kuichonga tena ifanane na gari la mwaka huu. Kwa hivyo kalibu ya gari la mwaka 1962 ilimezwa na la mwaka 1963, nalo likamezwa na lililofuata. Ukitaka lile la kwanza, huwezi kuagiza kiwandani hata uwe na pesa ngapi, kwa maana chuma chenyewe hakipo tena katika umbo hilo. Kilichobaki ni nakala ambazo watoto waliziunga zamani, na watoto hawana huruma. Wamarekani huziita mabomu ya gundi.

Basi watu wazima wakaanza kuyatafuta mabomu hayo kwenye masoko ya vitu vya zamani na kwenye dari za nyumba za wazazi wao, wakayafungua, wakayaosha, wakayaunga tena. Wengine wanataka gari liwe kama lilivyochorwa kwenye boksi, bila kuongeza hata skrubu. Wengine wanakata paa, wanateremsha bodi, wanatia injini kutoka modeli nyingine. Pande hizi mbili hazielewani sana. Wa kwanza wanasema wa pili wanaharibu kitu ambacho hakitatengenezwa tena. Wa pili wanajibu kwamba boksi lenyewe lilikuwa tatu kwa moja, kwa hivyo ni gari lipi kati ya hayo matatu ndilo la asili?

Mimi niliposoma mabishano hayo nilikuwa upande wa wale wa kwanza. Nilitaka usafi. Nilitaka Datsun nyekundu inayong'aa.

*

Biashara yenyewe ilikuja kudorora. Mafuta yalipanda bei kuanzia mwaka 1973, na plastiki hutokana na mafuta. Vijana wakapata michezo ya video. AMT ikanunuliwa mwaka 1978 na Lesney, Waingereza waliotengeneza magari madogo ya chuma ya Matchbox, na Lesney wenyewe wakafilisika mwaka 1982. Revell na Monogram, waliokuwa mahasimu, wakaunganishwa mwaka 1986. Wakati huo mjini Shizuoka, Japani, kampuni ya Tamiya, iliyoanza mwaka 1946 kama kiwanda cha mbao, ilikuwa imekwisha kuhama kutoka modeli za mbao hadi za plastiki, na watu duniani kote walikuwa wakisifu jinsi vipande vyake vinavyoingiana.

Na hapo ndipo Kenya inapoingia ndani ya boksi. Wajapani wanapenda mashindano ya magari, na hakuna mashindano yaliyowajengea jina kama Safari yetu. Yalianza mwaka 1953, ya kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth, yakipitia Kenya, Uganda na Tanganyika. Yalikuwa ya Pasaka, na Pasaka ni masika. Mwaka 1963 magari 7 tu ndiyo yaliyomaliza. Mwaka 1968, tena 7. Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, alishinda mwaka 1965 kwa Volvo PV544, kisha mwaka 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer. Datsun 1600 SSS ilishinda mwaka 1970 mikononi mwa Edgar Herrmann na Hans Schüller, na mwaka uliofuata wawili hao wakashinda tena, safari hii kwa 240Z. Mwaka 1973 ilikuwa 240Z tena, ya Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda aliyehamia Kenya baada ya Idi Amin kuwafukuza Waasia. Alimaliza sare kwa alama na Harry Källström, akapewa ushindi kwa kanuni ya kuamua sare.

Ndiyo maana leo ukitafuta modeli za magari ya Safari utazikuta, na zinatoka Japani. Kuna Celica ya Juha Kankkunen ya mwaka 1985, na kuna 240Z ya mwaka 1971. Stika ndogo za kubandika zinakuja ndani ya boksi: namba ya gari, majina ya wadhamini, jina la dereva na la msomaji ramani. Majina mawili kwa kila gari.

Nilizitazama stika hizo kwenye skrini ya simu kwa muda mrefu. Gari lililomaliza Safari lilikuwa limebadilishwa tairi, springi na vioo na mafundi kando ya barabara usiku kucha, na lilikuwa limesukumwa na watu waliotoka kwenye nyumba zao bila kuitwa. Picha za zamani zinawaonyesha: migongo imeinama, miguu imezama topeni, viganja vimebandikwa kwenye bodi. Maelezo chini ya picha yanataja dereva, gari na mwaka. Hiyo migongo haina jina.

*

Kazi yenyewe niliifanya kwenye meza ya kukunja, karibu na dirisha, kwa vitu vinavyopatikana hapa Nairobi.

Kwanza, kuachanisha. Gundi ya zamani huwa kavu, na baridi huifanya ivunjike kirahisi kuliko plastiki yenyewe. Sina friza. Nilimwomba jamaa wa bucha iliyo chini ya nyumba yetu anilazie gari usiku mmoja. Akaniuliza kama niko sawa. Asubuhi nililikuta katikati ya matumbo, limefungwa kwenye karatasi ya nailoni, na nilipoingiza kisu chembamba kwenye viungo, chesisi iliachana na bodi kwa mlio mmoja mkavu. Hadi leo jamaa huyo akiniona huniuliza, "Gari lilipona?"

Pili, kutoa rangi. Nilinunua mafuta ya breki Grogan, chupa moja, nikaloweka bodi siku mbili ndani ya kopo la plastiki lenye kifuniko. Mafuta ya breki hulainisha rangi lakini hayaili polistaireni. Yanaila ngozi yako, kwa hivyo vaa glavu, na ukimaliza usiyamwage kwenye mtaro, yapeleke gereji wayatie kwenye pipa la oili chafu. Nilisugua kwa mswaki wa zamani na sabuni. Rangi nyekundu ilitoka kwa maganda. Na chini yake kulikuwa na rangi nyingine, nyeupe. Yule mtoto, au aliyemtangulia, alikuwa amelipaka mara mbili. Nilicheka. Hata lile gari nililoliona kuwa la asili lilikuwa limeshabadilishwa.

Bampa zilizokuwa na rangi ya kung'aa kama kioo niliziloweka kwenye Jik. Kwa dakika chache mng'ao wote ulikwisha, kwani ni utando mwembamba sana wa chuma ambao hauvumilii dawa hiyo. Kioo cha mbele nilikisugua kwa dawa ya meno kwenye kitambaa laini mpaka mikwaruzo midogo ikafutika, lakini ufa ulibaki. Mashimo yaliyoachwa na tairi niliyajaza kwa uji wa plastiki: unavunja kasha la CD vipande vidogo, unaviacha kwenye chupa ya thina usiku kucha, vinakuwa uji mzito. Ukikauka, ni plastiki ile ile, unaupiga msasa kama bodi yenyewe. Fanya hivyo dirisha likiwa wazi. Mimi mara ya kwanza nililifunga, nikaumwa na kichwa siku nzima.

Tairi ya nne nilikosa pa kuipata. Mwishowe nilikata kipande cha soli ya slipa, nikakifunga kwenye msumari, nikauzungusha kwa drili dhidi ya msasa mpaka kikawa duara. Kwa mbali huwezi kuijua. Kwa karibu unaona ni slipa. Nilipoifunga kwenye rimu nilihisi kama nimerudi miaka kumi na tano nyuma, barabarani, na gari la waya mbele yangu. Zile taa kubwa nne za usiku ambazo magari ya Safari huvaa mbele nilizitengeneza kwa vibonge vya plastiki vya pakiti ya dawa ya maumivu, vile vinavyobaki vitupu ukishameza tembe.

Nikafika kwenye rangi. Datsun za kampuni zilikuwa nyekundu na boneti nyeusi isiyong'aa. Nilipaka praima, nikapaka nyekundu mara tatu kwa mkebe wa kupuliza, nikasubiri wiki, nikapaka boneti. Ikatoka vizuri. Ikatoka vizuri kiasi kwamba niliiweka juu ya meza nikakaa nikiitazama, na haikuniambia kitu. Lilikuwa gari la dukani. Halikuwa limefika Molo, na hakuna mtu ambaye angehitaji kulisukuma.

Ile 240Z halisi iliyoshinda mwaka 1971 bado ipo. Nissan wanaitunza Japani pamoja na magari yao ya kihistoria. Picha zake zinaonyesha bodi ambayo bado ina makovu ya mbio: mibonyeo na mikwaruzo. Ni gari la thamani kubwa, na kampuni yenye mafundi wote wa dunia, na bado makovu yapo. Kama ni hivyo, basi kusafisha si lazima kuwe ndiko kurejesha. Kuna mambo ambayo ukiyasafisha unayapoteza.

Siku iliyofuata nilipasha kijiko moto, nikabonyeza plastiki kwa ndani, nyuma ya gurudumu la nyuma, mpaka ikalegea na kuingia. Mkono ulikuwa ukitetemeka. Kisha nilimpigia binamu yangu aliye Molo, nikamwomba anitumie udongo wa shamba la guka kwa matatu. "Udongo?" Ndiyo, udongo, kopo moja. Ulifika kwenye kopo la Blue Band, nao ni wa kahawia iliyokolea. Niliuchekecha kwa kipande cha soksi ndefu ya kike mpaka ukawa laini kama unga, kwa sababu kwa kipimo hiki punje ya kawaida ya mchanga ni jiwe la kuvunja chesisi. Nikauchanganya na vanishi isiyong'aa, nikaupaka kwa brashi: mwingi chini ya milango na nyuma ya magurudumu, kidogo juu. Halafu, nyuma ya gari, pale mtu anayesukuma angeweka mikono, niliufuta udongo kwa ncha ya pamba, alama ndogo ndogo. Viganja. Jozi nne, kwa sababu guka husema walikuwa wanne.

Mama aliliona likiwa mezani. "Si ulikuwa umeshalisafisha? Mbona umelichafua tena?"

*

Nililipeleka Molo mwezi wa Aprili. Guka alikuwa ameketi nje juani. Macho yake hayaoni vizuri siku hizi, kwa hivyo alilishika kwanza, akalipapasa boneti, akafika mgongoni. Akalisogeza karibu na uso. Nilisubiri. Baba alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha chai.

"Hii ni gari gani?"

"Ni Datsun, guka. Ya Safari. Ile mliyosukuma."

Alinyamaza kidogo, akapitisha kidole kwenye mlango, akaligeuza upande wa pili, akapitisha tena.

"Hapana," akasema. "Ile ilikuwa na milango minne."

Nilitaka kubisha. Nilikuwa na mwaka mzima wa kazi mkononi mwake. Lakini hakuna aliyewahi kumuuliza milango. Sote tuliposikia "Datsun ya Safari" tulijaza wenyewe lile gari la kwenye mabango, refu na jekundu, na tukamcheka kwa hadithi ambayo nusu yake tuliitunga sisi. Nikamuuliza rangi. Akasema usiku ule hakuna aliyeona rangi, kulikuwa na matope tu. Nikamuuliza mwaka. Akasema ilikuwa kabla hajamwoa cucu, na hapo baba akaweka kikombe chini. Alikuja akaketi kwenye kigoda, akaanza kuhesabu kwa vidole: shangazi yangu mkubwa alizaliwa lini, harusi ilikuwa lini, guka aliingia gereji lini. Sijawahi kumwona baba akiiuliza hadithi hiyo swali. Walifika mwaka 1970, wakabishana, wakarudi mwaka 1969, wakafika 1970 tena.

Datsun ya mwaka 1970 ilikuwa 1600 SSS. Ina milango minne. Hilo halithibitishi kitu: magari ya milango minne yalikuwa mengi kwenye Safari, na Datsun za aina hiyo zilikuwa zaidi ya moja. Lakini ni mara ya kwanza hadithi ya guka imekuwa na kitu ambacho mtu anaweza kukitafuta.

Kwa hivyo natafuta modeli ya 1600 SSS, nzima au bomu la gundi, yoyote tu. Nikikosa, nitakata milango kwenye modeli nyingine. Udongo ninao. Tulipokuwa tunaondoka guka bado alikuwa na lile gari mapajani, akiukwangua udongo wa nyuma kwa ukucha na kuusugua katikati ya vidole viwili.

"Lakini haya matope," akamwambia baba, "haya ni ya hapa."